Nani Ameita WekaKundi?

Nina wiki sita tangu nirudishe funguo za ofisi, na tayari vijana wawili niliowaacha huko wamenipigia simu na swali lile lile. "Mama Wangari, methodi inaweza kujua ni nani ameiita?" Nimewajibu, lakini jibu la simu hukatwa na mambo mengine, mara maziwa yanafurika, mara mjukuu amepanda juu ya kabati. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha, maana hazina utamu. Nitaanza na viatu.

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilivaa viatu vya kisigino kirefu kwa sababu niliambiwa naenda ofisi ya kompyuta. Nilipofika Thika nikakuta ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mabomba ya maji, na ngazi zake ni za chuma zenye matundu. Kisigino cha kushoto kikanasa kwenye kidato cha tatu. Nikaingia kwa mkubwa wangu nimeshika kiatu mkononi. Bwana Mwaura, mwenye kampuni, akakitazama kiatu, akanitazama mimi, akasema, "Karibu. Na hiyo ingine pia toa. Hapa tunafanya kazi na soksi. Hizi mashine haziwezani na vumbi."

Hakuwa anatania. Vumbi jekundu la Thika lilikuwa likiingia mpaka kwenye chai. Kazi yangu ya kwanza kama mwandishi wa programu ilikuwa kupindua kibodi nne, kuzigonga mgongoni na kuzisafisha kwa brashi ya kupakia rangi. Vyombo vyetu vingine vilikuwa printa iliyolia kama msumeno, mkebe wa biskuti uliojaa diski, na kitabu kimoja kinene cha lugha ya C++ kisichokuwa na jalada. Kitabu hicho tulikisoma kwa zamu. Aliyekimwagia chai alipaswa kuandika jina lake kando ya doa. Jina langu limo mara nne.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Gitau. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kompyuta, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lingine. Hakugusa kibodi ya mtu hata siku moja. Alisimama nyuma ya kiti chako, mikono mgongoni, na kuuliza maswali mpaka ugundue kosa lako mwenyewe, kisha alikupongeza kana kwamba hakuwa amelijua tangu mwanzo.

Mume wangu ataisoma hii pia, na yeye ni mtu wa mashamba ya maua, kwa hiyo nieleze kidogo. Programu za aina yetu hujengwa kwa vipande vinavyoitwa objekti. Kila objekti hutunza habari zake yenyewe. Chukua kadi ya mgonjwa. Ndani yake mna jina, umri, kundi la damu. Ukitaka kubadilisha kundi la damu huruhusiwi kuingiza mkono ndani ya kadi. Unaiita methodi yake, yaani unaiomba kadi ijibadilishe. Methodi yetu ya kazi hiyo iliitwa WekaKundi. Mtu akiiita, inatii. Haiulizi ni nani ameiita. Iko kama nyumba ambayo ukipiga hodi mlango unafunguka, awe mgeni au mwizi.

Mwaka wangu wa kwanza tuliandika programu ya kumbukumbu za wagonjwa kwa hospitali moja ndogo ya kibinafsi Ruiru, upande wa kwenda Kimbo. Nami nikaweka humo kitu nilichojivunia sana. Kila kundi la damu lilipobadilishwa, programu iliandika mstari mmoja: tarehe, namba ya mgonjwa, na jina la mtu aliyefungua mashine asubuhi hiyo. Nilimwambia Mwalimu kwamba sasa hakuna wa kujificha. Akasema, "Mm." Ningemjua vizuri zaidi wakati huo, ningeisikiliza hiyo "mm".

Aliyekaa kwenye mashine hiyo alikuwa Dada Rehema, karani wa kumbukumbu. Alizaliwa Majengo, Thika, akaolewa Kimbo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi watu wa Kikuyu tulipozungumza naye tulijisikiliza. Alijifunza kompyuta kwa siku tatu. Siku ya nne akaniambia kwamba kwenye skrini yangu nimeandika "Kitabu ya Mtoto".

"Kwani ni nini?" nikauliza.

"Kitabu *cha*, mwanangu. Cha. Mashine itasomwa na wagonjwa hii."

Nikarekebisha. Miaka miwili ikapita bila neno, mpaka asubuhi moja ya Jumanne simu ya ofisi ikalia, na msimamizi wa hospitali, Bi. Nyokabi, akaniomba mimi kwa jina.

"Wangari, kompyuta yenu inasema Rehema amebadilisha makundi ya damu ya wagonjwa watatu," akasema. "Kuja unichapishie hiyo orodha. Nataka iwe kwa karatasi."

Nilipofika Ruiru ndipo nikaelewa kilichotokea. Mama mmoja wa Gatongora alikuwa ameletwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kadi yake kwenye kompyuta ilisema damu yake ni kundi A. Mtu wa maabara, kama walivyofanya siku zote, akapima upya kabla ya kutoa damu, na akatoka mbio ameshika kichupa mkononi. Mama alikuwa O. Mtu wa O akipewa damu ya A anaweza kufa. Walipochimba zaidi wakapata wengine wawili ambao kadi zao za zamani za karatasi zilisema hivi na kompyuta ikasema vile. Na kwenye ile mistari yangu ya kujivunia, mbele ya kila badiliko, palikuwa na jina moja: REHEMA.

Nikachapisha. Ile printa yao ililia muda mrefu kwa mistari mitatu tu. Dada Rehema alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini, ushungi umefungwa vizuri kama mtu anayeenda safari. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliningoja nimalize kukata karatasi, kisha akauliza.

"Wangari, hii umeiandika wewe. Inaandika jina la aliyefanya jambo, au jina la aliyekaa kwenye kiti?"

Bi. Nyokabi akasema Rehema aende nyumbani, na Ijumaa kamati ya hospitali itaamua. Sote tulijua itaamua nini. Mwanamke yule angefukuzwa kwa karatasi niliyoichapisha mimi, na kokote ambako angeomba kazi ya ukarani baadaye, habari ya damu ingemtangulia.

Nilirudi Thika, nikasimulia yote. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo methodi, nani ameiita?" akauliza.

"Rehema."

"Rehema ni mtu. Mtu hawezi kuita methodi. Mtu anabonyeza kibodi, halafu kuna kipande cha programu ndicho kinaita. Kipande gani?"

"Sijui, Mwalimu. Mstari unaandika mtumiaji tu."

"Kwa hivyo umeandika jina la mwenye nyumba, na hujui nani amepiga hodi."

Nikaketi kutafuta. Niliiagiza mashine itafute neno WekaKundi kwenye mafaili yote ya mradi, nikapata sehemu tatu zinazoiita: fomu ya kumsajili mgonjwa, fomu ya maabara, na fomu ya masahihisho. Nikazisoma zote tatu neno kwa neno, Jumanne jioni na Jumatano asubuhi. Hazikuwa na hatia. Kufikia chai ya saa nne nilikuwa nimeanza kuwaza jambo baya, kwamba pengine kweli Rehema alikosea, na nikaona haya kwa kuliwaza.

Ndipo Mwalimu, mikono mgongoni, akauliza, "Je, hiyo methodi ikikataa kufanya kazi mpaka aliyeiita ajitambulishe, itakuwaje?"

Hii, vijana wangu, ndiyo sehemu mliyopigia simu. Lugha yetu ya wakati ule haikuwa na njia ya methodi kugeuka nyuma na kuona aliyeiita. Lakini unaweza kubadilisha umbo la methodi yenyewe. Zamani WekaKundi ilitaka kitu kimoja tu, yaani kundi jipya la damu. Sasa nikaifanya itake viwili: kundi, na jina la mwitaji. Ukishafanya hivyo, kila mahali palipoandikwa kwa mtindo wa zamani panakuwa kosa, na kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi yetu yawe lugha ya mashine, inakutajia makosa yote moja moja. Huhitaji kuwawinda waitaji. Unabadilisha kufuli, kisha unangoja uone nani anasimama mlangoni na ufunguo usioingia.

Kompaila ilichukua muda wa kunywa kikombe kizima. Ikaleta malalamiko matatu. Yale yale matatu.

Nikayarekebisha kwa hasira, kila mwitaji nikampa jina lake, nikaagiza tena. Safari hii kutafsiri kukapita bila neno. Ikabaki hatua ya mwisho, ya kuunganisha vipande vyote viwe programu moja, na hapo mashine ikagoma. Mstari mmoja tu kwenye skrini. Kipande kinachoitwa USJMTT kilikuwa kinaitafuta WekaKundi ya zamani, na haipo tena.

"Mwalimu!" nikaita. "Wako wanne!"

"USJMTT ni nini?"

Siku hizo jina la faili halikuruhusiwa kupita herufi nane, kwa hiyo tulibana majina mpaka yakakosa pumzi. Nikakuna kichwa. Usajili wa mtoto. Kilikuwa kipande cha kumsajili mtoto mchanga. Kilimalizwa mwaka wa kwanza, na kwa kuwa hakikuwa na matatizo tulikiacha kikiwa kimeshatafsiriwa, tukaondoa maandishi yake kwenye mashine ili kuokoa nafasi. Ndiyo maana utafutaji wangu haukukiona. Maandishi yenyewe yalikuwa kwenye diski, diski ilikuwa kwenye mkebe wa biskuti, na juu ya diski palikuwa na mwandiko wangu.

Nilisoma nilichoandika miaka miwili nyuma, masikio yakaanza kuwaka. Mtoto alipozaliwa, programu ilitengeneza kadi yake kwa kunakili kadi ya mama, kisha ikabadilisha jina na tarehe. Lakini ukurasa wa afya, wenye kundi la damu, haukunakiliwa. Kadi ya mtoto ilielekezwa tu kwenye ukurasa ule ule wa mama, wenye namba ya mama. Kadi mbili, ukurasa mmoja. Maabara wakimpima mtoto na kumkuta ni A, Rehema akaandika A kwenye kadi ya mtoto kama alivyotakiwa, mama naye akageuka A bila mtu kumgusa. Na kwa kuwa watoto wachanga wote walisajiliwa na Rehema, kila mstari ulibeba jina lake. Akina mama wengi hawakuathirika kwa sababu mtoto alikuwa na damu kama ya mama, au hakupimwa. Wale wengine walikaa na kadi za uongo mpaka waugue tena.

Nikamwambia Mwalimu nina dawa ya haraka. Kwa kuwa WekaKundi sasa inajua jina la mwitaji, niiambie ikiona ni usajili wa mtoto, ikatae.

"Na mtoto atawekewa kundi na nani?"

"Basi ikubali kwa mtoto, ikatae kwa mama."

"Na miaka ishirini ijayo, mama mwenyewe akiwa ni mtoto wa leo aliyesajiliwa hapo hapo?" Akatikisa kichwa. "Wangari, methodi ikianza kuchagua watu kwa sura, kesho utakuwa umeiandikia orodha ya marafiki na maadui, na hakuna mtu atakayejua tena inafanya nini. Jina la mwitaji ni la sisi kuchunguzia, si la methodi kufanyia maamuzi. Kosa liko wapi?"

"Kwenye kunakili."

"Basi nenda huko."

Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa wa afya ukanakiliwa wote, na kila mtoto akapata wake. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, maana Bwana Mwaura alikuwa amesikia, na alikuwa anatembeatembea na soksi zake.

"Tuseme ni umeme," akasema. "Ruiru stima inapotea kila siku. Nani atabisha?"

Mwalimu alikuwa anaangalia dirishani. Nilielewa kwamba hili pia lilikuwa swali, na linaulizwa kwangu.

"Bwana Mwaura, stima haiwezi kuandika jina la Rehema," nikasema. "Mimi ndiye nimeliandika. Nitaenda kesho."

Basi akasema niende na Mwalimu, na nivae viatu vya heshima.

Alhamisi tulikaa mbele ya mashine ya hospitali, Bi. Nyokabi kulia kwangu, Mwalimu na mtu wa maabara nyuma yetu, na Dada Rehema, aliyeitwa kutoka nyumbani, mlangoni kabisa, kwa sababu alikataa kuketi. Programu ya zamani ilikuwa bado haijaondolewa. Nikaifungua kwa jina langu mwenyewe. Nikamsajili mama wa kubuni, kundi O. Nikamwomba Bi. Nyokabi asome. "O," akasema. Nikamsajili mtoto wake, kundi A. Kisha nikarudi kwenye kadi ya mama.

"A," akasema Bi. Nyokabi. Akavua miwani, akaivaa tena. "Lakini hujamgusa mama."

"Sijamgusa. Sasa tuangalie orodha."

Mstari mpya ulikuwa hapo mwishoni mwa orodha: tarehe ya siku hiyo, namba ya yule mama asiyekuwepo, na jina WANGARI.

"Ai!" akasema Bi. Nyokabi. "Kwa hivyo hata wewe umebadilisha damu ya watu."

"Kufuatana na hiyo orodha, ndiyo. Kosa ni la programu, na niliyeiandika ni mimi. Dada Rehema alifanya kazi yake sawasawa."

Nilitaka kugeuka nimtazame Rehema, lakini shingo ilikataa. Nilisikia viatu vyake vikija. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba chini ya meza mahali pake pa kila siku.

"Watoto waliozaliwa hapa kwa miaka miwili ni wengi," akasema. "Leteni kadi za karatasi. Tuanze."

Tuliweka programu mpya siku hiyo, kisha tukakagua kadi kwa siku mbili, yeye akisoma na mimi nikilinganisha. Tulipata akina mama saba zaidi. Muuguzi mmoja alitumwa kuwatafuta, mmoja mpaka Mwihoko kwenye nyumba za kukodi ambako alilazimika kuuliza milango kumi, na wote wakarudi wakapimwa upya. Hakuna aliyekuwa amedhurika. Bi. Nyokabi alimwomba Rehema msamaha mbele ya wafanyakazi wote. Mimi nilimwomba wangu tukiwa wawili, juu ya boksi la kadi.

"Nimesikia," akasema. "Lakini nina sharti. Mashine ikiandika jina langu, iandike na hicho kipande kilichoita. Na kiandikwe kwa maneno. USJMTT ni nini? Ni jina la ugonjwa?"

Tangu siku hiyo vipande vyangu vyote vilikuwa na majina kamili kwenye orodha: Usajili wa Mtoto, Fomu ya Maabara. Nilimpelekea orodha yote aikague. Alirejesha karatasi na ngeli tano zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini lugha ya Java ikafika Thika, nasi tukaiandika upya programu ya hospitali. Humo tukakuta kitu ambacho kilimfanya Mwalimu avute kiti na kukaa, jambo la nadra. Popote ndani ya programu unaweza kutengeneza objekti ya kosa, bila kosa lolote kutokea, ukaiomba ichapishe njia iliyofuatwa mpaka hapo: methodi hii imeitwa na ile, ile imeitwa na nyingine, mpaka mwanzo wa safari. Mwalimu akasoma njia hiyo kwa kidole. "Kwa hivyo mashine ilikuwa inajua wakati wote," akasema. "Ni sisi hatukuwa na njia ya kuiuliza." Ni kazi nzito kwa mashine, kwa hiyo msiitumie kila mahali, na msiiruhusu methodi ifanye maamuzi kwa kuisoma. Sisi tuliichapisha kwenye mambo ya hatari tu, kama kundi la damu na orodha ya dawa zinazomdhuru mgonjwa.

Wiki ya pili baada ya kuiweka Ruiru, simu ikalia. Alikuwa Rehema.

"Wangari, hujambo? Orodha yako imechapisha njia. Dawa zinazomdhuru mgonjwa mmoja zimefutwa kwenye kadi. Nimezirudisha kutoka kwenye karatasi, usiwe na wasiwasi. Nikusomee?"

"Nisomee."

"Juu kabisa kuna FutaDawa. Hiyo imeitwa na SafishaKadi. SafishaKadi imeitwa na RipotiYaWiki. Sasa nieleze mimi niliyesoma mpaka darasa la saba. Ripoti inafuta nini kwenye kadi ya mgonjwa? Si kazi yake ni kusoma?"

Nikaifungua RipotiYaWiki nikiwa nimebana simu kwa bega. Alikuwa sahihi. Mstari unaoiita SafishaKadi ulikuwa pale pale, na haukupaswa kuwapo hata kidogo.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona."

"Ni nani ameiandika hiyo ripoti?" Kwa sauti yake nilijua kwamba anajua.

"Ni mimi, Dada Rehema."

"Haya," akasema. "Nakungoja saa nane."